Matuta ya Vitambaa Vyeupe

Rhotia, Karatu
Jumapili, 3 Agosti 2025

Mdogo wangu Noel,

Tumsifu Yesu Kristo. Itikia kwanza kabla hujaendelea kusoma, maana kwa joto la huko Natron mtu anaweza kusahau hata ubatizo wake. U mzima? Unakula? Lembris dereva ameniambia umekonda na umekuwa mweusi. Nikamwambia weusi ulizaliwa nao, hilo la kukonda ndilo anieleze vizuri. Sisi huku hatujambo. Mama mgongo unamsumbua asubuhi, jua likitoka anausahau. Shemeji yako Inosenti yupo, bado anapika kule lojini na bado anakoroma. Watoto wanakuulizia kila siku. Yule mdogo anaamini umehamia juu ya ule mlima wa moto, Lengai, na anataka kujua kama nyayo haziungui. Baridi ni ile ile unayoijua, ukungu haunyanyuki mpaka saa nne na ng'ombe wanagoma kutoka zizini.

Najua unashangaa kuletewa barua ya karatasi, kana kwamba tuko enzi za babu. Sasa nifanyeje? Nimekupigia mpaka yule mwanamke wa kwenye simu, anayesema hupatikani, nimemzoea kama wifi yangu. Meseji zangu zinakaa na tiki moja wiki nzima. Nikasema basi, Lembris anapeleka wageni huko kwako Engaresero Jumanne, atakukabidhi mkononi, na nimemwagiza asigeuze gari mpaka akuone unafungua. Ukiikunja na kuitia mfukoni ataniambia, na mimi nitapanda gari nije huko huko. Unanijua, nitakuja.

Lembris huyo huyo ndiye aliyeniambia kwamba hukwenda huko kupumzika kama ulivyomdanganya Mama. Amesema umepata kazi ya kupokea wageni kambini, na mwisho wa mwezi huu utapanda Arusha kumwambia Dokta Clemensi, msimamizi wako wa chuoni, kwamba utafiti umeuacha moja kwa moja, na wale bakteria uliowatafuta mwenyewe kwenye mizizi ya mimea ya huku kwetu awatupe, maana hawana kazi. Noel, nilipoambiwa hivyo niliweka ndoo chini nikakaa juu yake. Nakumbuka ulivyokuwa unatembea na vimifuko vya udongo mfukoni, Mama akifua suruali zako anakuta tope. Mtu hawezi kuacha kitu kama hicho kwa siku moja, labda awe amevunjika moyo kweli kweli. Kwa hiyo nina jambo la kukueleza kabla hujapanda Arusha. Nitalisema kwa mpangilio, maana nikilitanguliza utaruka juu na haya mengine hutayasoma.

Nianze na yale unayoyajua, ili tusije tukabishana baadaye. Ile siku ulipokuja na zile pakiti, Baba alikuwa amekaa uani na jirani yetu Qamara wanakunywa chai. Ukaanza kueleza, na ulieleza vizuri, mimi nilikuwa nachambua maharage pale mlangoni nasikia kila neno. Ulisema humo ndani mna bakteria walio hai, waliochanganywa na unga wa mkaa ili wapate pa kukaa. Ulisema wanaishi kwenye mizizi ya mboga, mzizi unawapa utamu kidogo, nao wanaulainishia chakula kilichogoma udongoni, ndipo mmea unakua haraka na kunenepa. Ukasema wasiachwe juani wala wasichanganywe na dawa, watakufa. Mimi nilifurahi hata nikaacha kuchambua. Lakini Qamara akacheka mpaka akakohoa, na unamjua Baba mbele ya Qamara. Akasema wenzake wanapeleka watoto chuoni waondoke kwenye udongo, yeye wake amekwenda chuoni ili arudi kwenye udongo, tena na unga wa mganga. Akasema kitu hicho hakitaingia kwenye shamba lake angali hai. Wewe ukaondoka hata chai hukunywa, na sahani yako ya viazi ikaliwa na Qamara.

Mimi ndiye niliyekwenda kubembeleza, kama kawaida yangu. Nikamwambia Baba anipe ruhusa kwenye kile kipande cha chini, karibu na mfereji, anachoniachia nilime mboga za kuuza. Alikubali kwa sababu mwenyewe alikuwa ameshakikatia tamaa. Tangu mwaka juzi alikuwa anasema ardhi ile imechoka, hata mchicha unaota kwa kusitasita. Akasema upuuzi wetu tuufanyie huko, yeye mkono wake hautagusa. Na sote tukamwamini, maana Baba akisema neno huwa halirudi.

Basi ukaja na kamba zako na vigingi vyako. Matuta uliyoyafungia kitambaa chekundu yakapata bakteria, ya kitambaa cheupe hayakupata kitu. Tulichovya mizizi ya miche ya kabichi kwenye ule uji mweusi, mche mmoja mmoja, mpaka kiuno kikawa si changu. Nilikuuliza, kwa nini tusiwape wote tukalale? Ukanijibu kwamba bila wale wasiopewa hakuna atakayejua waliopewa wamefaidika nini, na Dokta hatakubali maneno matupu. Nikaendelea kuchovya. Wewe ndiye msomi, na mimi nilikuwa nimechoka.

Zile wiki za mwanzo unazikumbuka. Matuta mekundu yalisimama, majani mapana, rangi ya kijani ile inayokaribia bluu. Meupe yalikuwa yamekaa tu pale kama watu waliokosa wali kwenye harusi. Nilikutumia picha, ukanipigia ukicheka peke yako, mpaka nikakuuliza kama kuna mtu hapo anakuona. Halafu pole pole meupe yakaanza kuamka. Kila nikipita naona yamesogea. Ulipokuja kupima kwa rula yako ulizunguka, ukainama, ukazunguka tena, na mimi nilikuona usoni. Siku ya kuvuna hakuna aliyeweza kutofautisha, na hata vitambaa vingeng'olewa tusingejua lipi ni lipi. Uliniuliza kama niliweka samadi au mbolea ya dukani kwenye meupe, nikakuapia kwa Mama kwamba sikuweka, na ni kweli sikuweka. Dokta akakuambia kwenye simu hapo hapo kwamba bakteria wako hawakuonyesha tofauti. Ukapakia vigingi vyako kwenye pikipiki ukaondoka. Baba alikuwa getini anatengeneza kamba ya ndama, hakuinua macho, na wewe hukumuaga. Nilipokusindikiza njiani ukaniambia pengine Baba alikuwa sahihi tangu mwanzo. Neno hilo liliniuma, na mpaka leo linaniuma.

Lakini ngoja nikuulize. Hukuangalia kabichi za Qamara? Shamba lake liko ng'ambo ya mfereji, mbegu tulinunua duka moja, mvua moja, maji yale yale. Zake zilikuwa za kukamata kwa mkono mmoja. Za kwetu, nyekundu na nyeupe zote, yule mnunuzi wa pale lojini kwa Inosenti aliziangalia akasema aliagiza kabichi, hakuagiza maboga. Nilipokuambia, ukasema ni mvua nzuri ya mwaka huu. Mvua gani hiyo inayoruka mfereji, Noel? Sikujibu siku ile kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo.

Jumatano iliyopita Mama alikuwa anatafuta kibuyu chake cha kugandishia maziwa. Aligeuza nyumba nzima, moyoni akawa ameshawashuku majirani watatu, mmoja wao mke wa katekista. Mimi nikaingia ghalani kutafuta magunia, na nyuma ya jembe la ng'ombe nikaona koti la Baba la kanisani limeviringishwa kama mtoto. Nikalifungua. Ndani mna kibuyu cha Mama, kina joto, mdomo umefungwa kwa kitambaa. Nikanusa, kinanuka udongo uliolowa mvua na uji uliochachuka. Mungu nisamehe, nilidhani ni pombe. Nilijisemea, baba yetu huyu, mzee wa kanisa, umri huu, ameanza kupika pombe ndani ya koti la ibada! Nikakibeba mpaka zizini alikokuwa. Aliponiona nacho alitafuta pa kuweka mikono akapakosa. Maisha yangu yote sijawahi kumwona Baba hivyo.

Alikaa kwenye hori la ng'ombe akaniambia nikae. Akasema asubuhi zile alipokuwa anakwenda kufungulia maji alikuwa anapita tu pembeni, hataki kuangalia. Lakini jicho halina breki. Akaona matuta mekundu yamesimama na meupe yamekaa, na akasema ilimuuma. Akasema amelea ndama pacha mara nyingi, na haijatokea ampe mmoja maziwa na mwenzake amfunge kamba aangalie. Akasema alikusikia ukieleza kwamba lazima wengine wakose ili wapimwe, alielewa, yeye si mjinga, ila kuelewa ni jambo moja na kupita pale kila asubuhi ni jambo jingine. Akavumilia mpaka akashindwa.

Akafikiria maziwa ya Mama. Unajua Mama anavyobakiza kidogo ya zamani chini ya kibuyu, akimimina mapya yanaganda yenyewe, na kikikauka anaomba kidogo kwa jirani na kuanza upya. Baba akasema, kama hawa wa Noel wako hai kweli kama alivyosema, nao watafanya hivyo hivyo. Akachota udongo kwenye mizizi ya matuta mekundu, akaukoroga na maji ya mfereji kwenye ndoo, akawa anayapa meupe, kata kwa kata, shina kwa shina, kabla mimi sijafika na jembe langu. Alifanya hivyo kila alipokwenda kufungulia maji. Alipoona yamelingana akaacha, akasema yameshaachishwa ziwa.

Umesoma vizuri? Rudia hapo juu, mimi nakungoja. Matuta yako meupe hayakuwa matupu, Noel. Baba aliyapa bakteria wako. Kile alichokiita unga wa mganga mbele ya Qamara alikichota kwa mikono yake akakigawa shamba zima, akiwa amepiga magoti kwenye tope na goti lile lake bovu. Hukuona tofauti kwa sababu tofauti yote Baba aliinywesha maji.

Sikucheka, usidhani nilicheka. Nilikasirika mpaka nikasahau naongea na nani. Nilimwambia ameharibu kazi ya mwanawe, nikamwambia uko Engaresero unatandikia wageni vitanda, umeshakata tamaa, na kwamba ulisema yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Noel, hakuwa anajua. Alikuwa anadhani umepata likizo. Akaniambia siku ile ya kuvuna alisimama getini na ile kamba akingoja uje umwambie kabichi ni nzuri, maana kwake zilikuwa nzuri kote na kazi yako imeshinda. Alipokuona unakuja na uso umeanguka, alidhani umegundua mchezo wake na umemkasirikia. Ndiyo maana hakuinua macho. Alikuwa anaona aibu. Wewe ulidhani anakudharau, yeye alidhani unamchukia, na mimi nilikuwa nimesimama katikati yenu nahesabu magunia kama zezeta. Hapo ndipo nililia, na ndama wakanishangaa.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema mtu akishatamka neno mbele ya Qamara, kulimeza si rahisi. Tena Qamara mwenyewe alikuwa ameanza kuja kumuuliza siri ya kabichi, naye anamjibu ni samadi ya ng'ombe mweusi. Maskini Qamara amekwenda kutafuta ng'ombe mweusi.

Na kile kibuyu ni hivi. Baada ya kuvuna, Baba aliona bakteria wako watakufa kwa njaa shambani hakuna mizizi, akachukua udongo kidogo, akautia humo, na anawapa uji mwembamba wa mahindi. Nilimwambia huenda walishakufa siku nyingi na humo amefuga kitu kingine kabisa. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko kwenye sukuma wiki za Mama, upande aliomwagia na upande ambao hakumwagia. Nikamuuliza, kumbe safari hii ameweza kuacha upande mmoja? Akasema ilimtesa, lakini alitaka kujua. Mimi nimeona nilichokiona, na sitasema kitu kwa sababu si kazi yangu kusema. Wewe ndiye mwenye macho ya kazi hiyo.

Sijui mambo haya kwenu chuoni yanahesabiwaje. Pengine Dokta Clemensi atasema jaribio limeharibika, lirudiwe. Sawa, tutarudia, kiuno changu kimeshapona. Lakini jaribio kuharibika si sawa na bakteria kukosa kazi, hata mimi wa darasa la saba naliona hilo. Mweleze Dokta ukweli wote, hata sehemu ya Baba, asije akatupa kitu kilicho hai kwa sababu ya mzee mmoja mwenye huruma na kabichi. Baba mwenyewe amesema msimu ujao kazi ya kufungulia maji atamwachia Inosenti, na yeye atapita njia ya juu, kwa sababu akipita pale hawezi kuahidi kitu. Nimemwambia Inosenti. Amekubali, ila amelalamikia baridi.

Jambo jingine la leo hii. Baada ya misa wanaume walisimama pale nje kama kawaida yao, na Qamara akaanzisha tena habari ya samadi. Baba akamkatiza. Akasema mbele yao wote kwamba ng'ombe mweusi alikuwa uongo, kabichi zile ni kazi ya mwanawe Noel, na kwamba yeye alisema maneno ya kijinga uani kwake na anayarudisha. Qamara akauliza kama zile pakiti zimebaki. Mama alikuwa kando yangu, alinifinya mkono mpaka kucha zikaniingia. Nakueleza nilichokisikia kwa masikio yangu, sijaongeza chumvi.

Basi mdogo wangu, Lembris atapita jioni kuchukua barua, nami sijapika. Mama anakusalimu sana, anasema kibuyu amekisamehe, amepata kingine, ila koti la kanisani hatalifua yeye. Inosenti anakusalimu, anasema wewe kupokea wageni huwezi, hujui kutabasamu bila sababu. Watoto wanakusalimu na wanaomba jiwe la mlima. Msalimie rafiki yako yeyote huko anayekupa chakula, umwambie asante kutoka kwangu.

Nilimwambia Baba nakuandikia, nikamuuliza nikupe salamu gani. Alikwenda kwanza ghalani, akarudi. Kisha akasema niandike hivi: baridi ya siku hizi imekuwa kali, je, hao viumbe wa kwenye kibuyu wanaistahimili ghalani, au awaingize ndani karibu na moto? Nikamwambia mimi sijui. Akasema anajua kwamba mimi sijui, ndiyo maana anataka aulizwe Noel. Na tangu juzi, Noel, wakati anasubiri jibu lako, kibuyu kiko chini ya blanketi lake.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Benedicta Hhando